Jinsi nilivyopata haki ya picha yangu ya dagaa wa Kibirizi
Picha niliyoipiga kwenye mwalo wa Kibirizi, Kigoma, ikiwaonyesha akina mama wakianika dagaa, ilichapishwa kwenye vifungashio vya mfanyabiashara mmoja bila idhini yangu. Yeye aliamini kwamba picha isiyosajiliwa haina mwenyewe, dhana iliyoenea mno na inayowaumiza wapigapicha wengi. Nilimwandikia barua, nikaambatisha faili asilia lenye tarehe, nikamweleza kuwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 huilinda kazi tangu inapobuniwa, na kwamba usajili COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, husaidia ushahidi. Tena, matumizi yanayoruhusiwa bila idhini, kama kunukuu kwa kutaja chanzo, hayajumuishi kupambia bidhaa za kuuza. Tulitia saini mkataba wa leseni, akanilipa, na jina langu likachapishwa chini ya picha.