Nilivyotengeneza stata ya kamba ya mashine ndogo ya boti

Kamba ilikatikia ndani, pale fundo linapokaa kwenye puli (gurudumu linalozungushiwa kamba). Ikikatikia kishikioni unaweza kufunga fundo jipya ukaendelea siku chache, lakini ya ndani haina njia ya mkato: lazima stata ishuke.

Nilichomoa kwanza waya wa plagi. Flaiwili (gurudumu zito la mashine linalozungushwa na stata) ikizungushwa kwa bahati mbaya mashine inaweza kuwaka, na vidole viko palepale. Stata yenyewe imeshikwa na bolti tatu za spana namba 10. Kabla ya kuinyanyua nilitoa kebo ndogo inayoizuia kamba isivutike gia ikiwa imeingia, nikaweka alama ya rangi pale nati yake ilipokaa. Kebo hiyo ikirudishwa vibaya kamba inagoma hata gia ikiwa huru, na mtu anaanza kulaumu springi isiyo na kosa.

Ukiigeuza stata chini juu unaona bolti ya kati, kucha (kijino kinachotoka kushika flaiwili kamba ikivutwa) na kijispringi chake. Nilipiga picha. Kucha ikivaliwa kinyume haishiki flaiwili, kamba inavutika laini tu bila kuzungusha kitu.

Springi kubwa, inayorudisha kamba ndani, ndiyo ya kuogopa. Imejikunja chini ya puli kama utepe wa chuma, na ikifyatuka inakata. Nilivaa glavu na miwani, nikainyanyua puli taratibu huku nikiitikisa kidogo kushoto na kulia, mpaka ndoano ya springi ikaachia nayo springi ikabaki kwenye kikombe chake. Haikuwa imevunjika, ila chumvi ilikuwa imeanza kuila. Niliifuta hapohapo ilipo, nikapaka grisi nyepesi isiyoogopa maji. Kwenye kucha sikupaka nyingi, kwa sababu grisi ikishika uchafu kucha inanata na haitoki.

Kamba mpya: nilipima vipande vya zamani kwa pamoja kupata urefu wake, ikawa mita 1.8, unene milimita 5. Tumia ya poliesta iliyosukwa. Nailoni inavutika, na ya plastiki ya kufungia mizigo inayeyuka inaposuguana na tundu la kutokea. Hilo tundu nililipitisha kidole, nikakuta ukingo wenye makali. Ndio uliokuwa ukisaga kamba, nikaulainisha kwa msasa. Ncha nilizichoma kwa moto, nikafunga fundo lenye umbo la tarakimu 8 na kulikaza kwa plaizi hadi likaingia lote kwenye shimo lake. Fundo likitokeza linakwaruza kava.

Sehemu inayoharibu kazi za wengi ni kutia nguvu springi. Nilizungushia kamba yote kwenye puli, nikaacha kipande kimetokea kwenye pengo la ukingoni. Puli nikairudisha, ndoano ya springi ikashika, nikafunga bolti ya kati. Halafu, kamba ikiwa imekaa kwenye pengo, nikaizungusha puli raundi tatu kuelekea upande inakozunguka kamba inapovutwa, nikaishikilia kwa kidole gumba, nikapitisha kamba tunduni na kufunga kishikio.

Raundi zikipungua, kishikio kinaning'inia. Zikizidi, springi inafika mwisho kabla ya kamba kuisha, na hapo ndipo inapokatika. Kwa hiyo nilivuta kamba yote, kisha nikajaribu kuisogeza puli mbele zaidi kwa mkono. Ilienda kama nusu raundi, na hiyo inatosha. Ingegoma, ningefungua na kupunguza raundi moja.

Kabla ya kurudisha stata nilitoa plagi nikazungusha flaiwili kwa mkono. Ikiwa nzito hata bila plagi, ugonjwa uko ndani ya mashine, na kamba mpya nayo itakatika. Yangu ilizunguka vizuri. Nikavuta kamba polepole mpaka kucha ikauma, nikaikaza stata hivyohivyo ili ikae katikati, ndipo nikarudisha kebo ya gia kwenye alama yake.

Sasa kabla ya kuvuta kwa nguvu navuta kwanza taratibu hadi nisikie kucha imeshika, na sikiachii kishikio kikarudi chenyewe kwa kishindo.