Dirishani, kutoka Dar hadi Dodoma
Juzi nilisafiri kwa treni ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, na njia nzima nilikaa dirishani kama nilivyozoea tangu utotoni. Reli hii mpya, yenye upana wa milimita 1,435, imetupunguzia adha kubwa ya barabarani, nami naiunga mkono kwa moyo wote. Hata hivyo, tulipopita Kilosa niliwakumbuka akina mama waliokuwa wakitunyooshea ndizi mbivu na mahindi ya kuchemsha, huku chenji ikihesabiwa harakaharaka kabla ya honi kulia. Madirisha ya sasa hayafunguki. Reli ya zamani ya upana wa mita moja, iliyofika Kigoma mwaka 1914, isiachwe ife, kwa kuwa ndiyo inayosimama kwenye vituo vidogo ambako mkulima hupanda na magunia yake.