Sahani iliyofunikwa kawa

Leo ni siku ya nne nimekaa na hadithi ya kurasa 24, ya mtoto anayemsubiri baba yake arudi kutoka kuvua, na jana jioni ndo nimepata picha yake. Naandika kabla sijasahau ilivyokuja, maana sisi wachoraji kazi ikiisha tunasema wazo lilinijia tu, na si kweli hata kidogo.

Siku ya kwanza nilichukua A4 nikaikunja mara nne, vikatoka viboksi 16, kila kiboksi skechi ya dakika mbili, penseli, hakuna kufuta. Sita vya mwanzo vyote mtoto kakaa ufukweni anaangalia bahari, jua linazama. Nimeshazoea, za mwanzo huwa zile ambazo kila mtu anazo kichwani, lazima uzitoe kwanza. Kompyuta sifungui mapema, ukishaona rangi utaipenda picha hata kama haina kitu ndani. Ila siku ya pili bahari, ya tatu bahari, mhariri akanitumia voisi WhatsApp, "nzuri, lakini hayo yote maneno ya hadithi yameshayasema."

Ikanikaa hiyo. Jana jioni niko kwenye pantoni naenda Kigamboni kwa bibi, mbele yangu kuna mama kajifunga kanga, nikawa naisoma kuanzia pindo, nikaingia mji, ule mchoro wa katikati, nikamalizia jina, yale maneno ya chini. Jina linawasema majirani wenye maneno, mji una korosho tu! Hakuna jirani aliyechorwa popote, mchoro uko upande wake na maneno upande wake, maana yake unaiunga wewe unayesoma. Na majina yenyewe yalikuja baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kabla ya hapo mji ulikuwa unasimama peke yake. Nikajiuliza, hii hadithi nikiifuta maneno yote kinabaki nini?

Nafika kwa bibi, watu wameshakula, mkekani imebaki sahani moja imefunikwa kawa, kile kifuniko cha ukindu. Kawa la zamani, ukingo umefumuka upande mmoja na bibi kaushona kwa uzi mwekundu. Nikamwuliza ya nani hii bibi, akanijibu bila kugeuka, "Ya mjomba'ako, amekawia."

Kawa. Amekawia. Yaani nilishindwa hata kukaa, nikaomba karatasi, nikachora nyuma ya risiti ya luku.

Sasa iko hivi. Ukurasa wa 5 mama anafunika sahani, na kuanzia hapo sahani haitoki kwenye picha, mchana mwanga wa mlangoni unaipitia, usiku chemli inalivuta lile kawa kivuli mpaka kinapanda ukutani juu ya kitanda cha mtoto. Mtoto halii popote, sitaki alie, kivuli kinatosha. Ukurasa wa 23 kawa limelazwa chali na sahani ina miba ya samaki. Baba mwenyewe simchori kabisa, ni kandambili zake tu mlangoni zina mchanga mbichi. Nina hofu kidogo mhariri atataka uso wa baba, nitamwomba azione kurasa zote kwa pamoja kwanza.

Bibi kaniazima kawa. Liko hapa mezani karibu na taa, naangalia ukindu unavyopishana na ule uzi mwekundu unapopita, kesho asubuhi naanza wino.