Mota ya stepa haijui ilipo: dirisha la banda la vifaranga kwa simu

Mji wa Nakuru uko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya usiku huku si ya kuchezea. Kifaranga wa wiki ya kwanza anataka nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki. Kwa hiyo dirisha la hewa lifunguke mchana na lishuke jioni, hata kama banda liko Njoro na mwenye kuku yuko kazini mjini. Mota ndogo, ESP32 (kibao kidogo cha kompyuta chenye Wi-Fi) na simu vinaiweza kazi hiyo.

Ila shika hili kwanza: mota ya stepa, yaani inayozunguka kwa hatua ndogondogo, haijui ilipo. Msimbo huhesabu hatua ulizoamuru, si hatua zilizopigwa kweli. Mota ikilemewa au ikiharakishwa, hesabu inaendelea huku dirisha limebaki nyuma. Stima ikipotea, hesabu yote inafutika.

Mota inayofaa ni 28BYJ-48 ya volti 5, pamoja na draiva yake ya ULN2003, kibao kinachopokea amri za ESP32 na kuipitishia mota umeme. Kwa nusu-hatua, mhimili wake unamaliza mzunguko mmoja kwa hatua 4096. Funga kigurudumu chenye kipenyo cha milimita 20 cha kukunjia kamba: kila mzunguko unakunja milimita 62.8, kwa hiyo dirisha la kupanda sentimita 15 linahitaji hatua 9780 hivi. Usiitwishe mzigo wa zaidi ya gramu 150. Kibao chepesi cha plastiki kinatosha, mbao itaishinda.

Unganisha IN1 hadi IN4 za draiva kwenye pini 18, 19, 21 na 22 za ESP32. Pini 34 hadi 39 ni za kupokea tu, na 6 hadi 11 zinatumiwa na kumbukumbu ya ndani, usiziguse. Umeme wa mota utoke moja kwa moja kwenye chaja ya volti 5, ampea 2, kamwe usitoke kwenye pini ya 3.3V. GND (upande hasi) ya chaja, ya draiva na ya ESP32 ziunganishwe pamoja. Ukisahau waya huo mmoja, mota itatetemeka tu bila kuzunguka, nawe utaanza kulaumu msimbo usio na kosa. Weka pia kapasita ya mikrofaradi 470 karibu na draiva. Wi-Fi inapotuma, ESP32 hunyonya mkondo mwingi kwa ghafla, na volti zikishuka inajiwasha upya katikati ya safari.

Dawa ya kutojua ilipo ni swichi ya kikomo, inayobonyezwa na dirisha lenyewe likifika mwisho. Iweke juu, pale dirisha linapofika likifunguka kabisa, na hapo ndipo sifuri. Tumia miguu ya COM na NC, ambayo hugusana swichi isipobonyezwa: COM kwenye GND, NC kwenye pini 23. Swichi ikibonyezwa pini inasoma HIGH (volti zipo), na panya akikata waya inasoma HIGH vilevile, basi mota inasimama palepale badala ya kuvuta mpaka kamba ikatike.

```
#include <AccelStepper.h>
AccelStepper mota(8, 18, 21, 19, 22); // IN1, IN3, IN2, IN4

void tafutaSifuri() {          // iite ndani ya setup()
  pinMode(23, INPUT_PULLUP);
  mota.setMaxSpeed(700);
  mota.setAcceleration(400);
  mota.setSpeed(-300);
  while (digitalRead(23) == LOW) mota.runSpeed();
  mota.setCurrentPosition(0);
}

void pokea(char* mada, byte* data, unsigned int n) {
  char s[8];
  if (n > 7) return;
  memcpy(s, data, n);
  s[n] = 0;
  mota.moveTo(constrain(atol(s), 0, 9780));
}

void loop() {
  if (!mteja.connected() && !mota.isRunning()) unganisha();
  mteja.loop();
  mota.run();
  if (mota.distanceToGo() == 0) mota.disableOutputs();
}
```

Tazama mpangilio wa pini kwenye mstari wa pili: 21 imetangulia 19. Ukiziandika kwa kufuatana, mota inanguruma bila kwenda popote. Kasi nayo isipite hatua 800 hivi kwa sekunde. Ukizidisha, inaruka hatua kimyakimya. Kama dirisha linashuka unapotaka lipande, zungushia kamba upande wa pili wa kigurudumu. Ule mstari wa `disableOutputs` unazima koili mota ikifika. Ukiuacha, mota inakaa moto usiku kucha. Gia zake zinatosha kushikilia kibao chepesi.

Amri za kutoka mbali zipitie MQTT, njia ya kupeana ujumbe mfupi kupitia seva ya katikati, kila ujumbe chini ya jina liitwalo mada. Laini ya data ya simu kwa kawaida haikupi anwani ya kufikiwa kutoka nje, kwa hiyo ESP32 ndiyo inayotoka kwenda kwa seva na kusubiri ujumbe huko. `mteja` hapo juu ni PubSubClient, maktaba ya MQTT, na `unganisha()` ni sehemu ya kuunganisha kwenye seva utakayoiandika mwenyewe. Ruta iwe ya 2.4 GHz, maana ESP32 ya kawaida haioni 5 GHz. Weka jina la mtumiaji na nenosiri, la sivyo yeyote anayejua mada yako atalifungua banda.

Ujumbe wenyewe uwe namba ya mahali: 0 ni wazi, 9780 ni kufunga, 4900 ni nusu. Usitume amri ya aina ya "shusha kidogo". Mtandao ukisuasua ujumbe unaweza kufika mara mbili, na "shusha kidogo" mara mbili ni kushusha sana, lakini 4900 hata ikifika mara kumi ni palepale. Kisha tuma ujumbe ukiwa na alama ya kuhifadhiwa kwenye seva. Stima ikirudi saa nane usiku, mota inapanda kutafuta sifuri, inapokea namba ya mwisho, inashuka hadi pale ulipoliacha.

Kama banda linapashwa moto kwa jiko la makaa, toboa tundu la hewa la kudumu ambalo dirisha hili haliwezi kulifunika. Hewa ya makaa haina harufu, na inaua vifaranga na mtu pia. Tundu hilo litobolewe kabla mota haijafungwa.