Sebule ya bibi ndani ya boksi la viatu

Jamani, nimemaliza! Wiki tatu za usiku baada ya kazi, na sebule ya bibi ya Tanga, ile ya miaka ya 80, sasa imekaa ndani ya boksi la viatu. Kipimo ni 1:12, yaani futi moja ya kweli inakuwa inchi moja. Viti nimeviunda kwa vijiti vya aiskrimu.

Redio ndiyo iliyonitoa jasho. Ni kiberiti kitupu nilichokipaka rangi ya mbao, mbele nikabandika kipande cha soksi kuukuu kama kitambaa cha spika, na vitufe ni vichwa vya pini. Mwanzoni iling'aa mno, nikaisugua kwa msasa laini kwenye kona, pale babu alipozoea kuishika akisubiri taarifa ya habari. Hapo ndipo ikawa yake.

Kalenda ya ukutani nimeiloweka kwenye chai ya rangi, ikageuka manjano kabisa. Kitambaa cha meza ni kona ya kile alichokifuma bibi mwenyewe.

Mama alipoiona alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mwanangu, na mtungi wa maji uko wapi?" Kesho natafuta udongo.