Saa za Granada

Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Usiku wa kuamkia leo saa tisa ilirudishwa kuwa saa nane. Simu zimejirekebisha zenyewe, saa ya ukutani jikoni bado inasoma ya jana. Kuanzia leo hadi Jumapili ya mwisho ya Machi, Hispania iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa mbili badala ya moja. Anayezoea kupiga simu Tanga au Mombasa saa tatu ya usiku wa hapa sasa atawakuta watu saa tano, nusu wamelala.

Katika yote yanayomhangaisha mwanafunzi mgeni Granada, mji wa kusini mwa Hispania, mimi ningeitanguliza saa hata mbele ya lugha. Lugha ukiikosea watu hutabasamu, wakakusahihisha. Saa ukiikosea unakuta mlango umefungwa.

Mtego wa kwanza uko vinywani mwetu wenyewe. Sisi tunahesabu saa tangu alfajiri, Wahispania tangu usiku wa manane, kwa hiyo *las ocho* ni nane kwa tarakimu lakini ni saa mbili. Kichwa kilichochoka husikia *ocho*, mkono ukaandika "saa nane", na miadi imepita saa sita kabla hujavaa viatu. Dawa ni kuandika kila miadi kwa tarakimu za saa 24, 08:00 au 14:00, na kuiacha hivyohivyo bila kuitafsiri.

Mtego wa pili ni jua lenyewe. Kwa jinsi Hispania ilivyokaa kwenye ramani, ilistahili kwenda na saa za London na Lisbon, lakini tangu 1940 inafuata saa za Ulaya ya Kati. Matokeo yake, mwezi Juni jua la Granada linazama karibu 21:40. Kwa hesabu yetu hiyo ni saa tatu na dakika arobaini usiku, na watoto bado wanacheza mpira uwanjani kwenye mwanga. Mwishoni mwa Desemba mambo yanageuka: kipindi cha 08:00 kinaanza kabla jua halijachomoza. Huku "saa mbili asubuhi" na giza vinakaa pamoja bila kuoneana aibu. Hata salamu hazifuati adhuhuri. *Buenos días* huendelea hadi watu wamekula, na chakula cha mchana ni saa nane hadi saa tisa na nusu, kwa hiyo saa saba na nusu bado ni asubuhi kwa adabu. Chakula cha usiku ni saa tatu au nne.

Anayesikia njaa saa sita mchana atateseka wiki mbili za kwanza. Mikahawa mingi haina jiko lililowaka saa hiyo. Kuna kahawa na mkate wa kupaka nyanya na mafuta ya zeituni, basi. Wenyeji huvuka asubuhi kwa huo mkate mnamo saa tano. Migahawa ya chuo, *comedores*, hutoa mlo kamili wa mchana kwa bei isiyofika yuro tano kwa mwenye kitambulisho cha mwanafunzi: supu au dengu, kitoweo, mkate, tunda. Foleni hunenepa saa nane kamili madarasa ya asubuhi yanapotoka, kwa hiyo nenda saa saba na nusu. Kwa anayefunga Ramadhani *comedor* ina kasoro: inapika mchana, wakati futari haingoji mtu. Wanaofunga hununua mlo wa kubeba, wakauweka kwenye friji hadi magharibi.

Kuhusu baa za Granada, kinywaji kimoja huja na sahani ndogo ya chakula, *tapa*, bila malipo ya ziada. Si lazima kiwe kileo. *Mosto*, maji ya zabibu yasiyochachuka, hupewa *tapa* ileile. Asiyekula nguruwe aseme *sin cerdo*, bila nguruwe, kabla sahani haijatoka jikoni. Ukisema tu *sin carne*, bila nyama, usishangae kuletewa kitu chenye vipande vya *jamón*, paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, maana wapo wapishi ambao kwao *jamón* haihesabiwi kuwa nyama.

Leo maduka makubwa mengi yamefungwa, kama Jumapili karibu zote. Ununuzi hufanywa Jumamosi kabla ya saa tatu usiku. Maduka madogo ya mtaani hufunga pia siku za kazi, kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja hivi. Anayetaka kutoa fotokopi ya kupeleka ofisini kesho asubuhi asiseme nitaitoa baada ya kula.

Hapo ndipo inapoingia *cita*, yaani miadi, na ofisi. Mwenye viza ya masomo yanayozidi miezi sita anatakiwa kuomba kadi ya mgeni, TIE, ndani ya mwezi mmoja tangu aingie nchini. Viza iliyobandikwa kwenye pasipoti inaweza kuwa ya siku 90 hata kama kozi ni ya mwaka mzima, na wengi huisoma vibaya wakadhani wana miezi mitatu ya kupumua. Mlolongo una pingu zake. Kadi inataka cheti cha makazi, *padrón*, kutoka manispaa. *Padrón* inataka mkataba wa pango wenye jina lako, au barua ya mwenye mkataba pamoja na nakala ya kitambulisho chake. Kwa hiyo chumba cha bei nafuu ambacho mwenyewe anakwambia "hapa hatuandikishani *padrón*" si cha bei nafuu hata kidogo. Muulize kabla hujatoa amana, ambayo kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja.

Ukishapata *padrón*, jaza fomu ya kuomba kadi, EX-17, na fomu ya ada, 790 yenye msimbo 012. Ada ni kama yuro 16 na hulipwa benki, lakini matawi mengi hupokea malipo ya namna hii asubuhi tu, mengine siku fulani za wiki tu. Saa tena. Mashine ya ATM ya baadhi ya benki husoma msimbo wa fomu na kukuokoa. Siku ya *cita* ya kuchukuliwa alama za vidole beba pasipoti, nakala ya ukurasa wa picha na wa viza na muhuri wa kuingilia, barua ya chuo, risiti ya ada, *padrón*, karatasi ya *cita* na picha ndogo ya mandhari meupe. Utapewa *resguardo*, kikaratasi cha kuchukulia kadi baada ya mwezi hivi. Kikaratasi hicho peke yake hakikuruhusu kutoka Hispania na kurudi. Anayetaka kwenda nyumbani kwa msiba au harusi kabla kadi haijatoka huomba kibali cha kurejea, *autorización de regreso*, na nacho kina *cita* yake. Nafasi za *cita* zikiwa hazipo, piga picha ya kioo cha kompyuta yenye tarehe kila unapojaribu. Ni ushahidi kwamba mwezi umepita si kwa uzembe wako.

Na majina. Fomu ya Kihispania ina *nombre* (jina), *primer apellido* (ukoo wa kwanza) na *segundo apellido* (ukoo wa pili), kwa sababu kila Mhispania ana ukoo wa baba na wa mama. Sisi tuna jina letu, la baba na la babu. Karani mwenye nia njema akiona majina matatu hulifanya la baba kuwa ukoo wa kwanza na la babu ukoo wa pili. Chuo kikiandika hivyo, benki ikaandika kama pasipoti, na kadi ikaja kwa namna ya tatu, fedha za ufadhili zinaweza kurudi zilikotoka kwa kuwa jina halilingani. Fuata mistari miwili ya pasipoti herufi kwa herufi: kilichoko kwenye mstari wa ukoo kiende *primer apellido*, mengine yote *nombre*, na *segundo apellido* iachwe tupu. Kompyuta ikikataa pengo, weka nukta au kistari, lakini weka kilekile kila mahali.

Jumapili ina zawadi moja: umeme ni wa bei ya chini mchana kutwa. Hakuna luku hapa, bili huja baadaye, ndiyo maana hushtua. Kwenye mikataba yenye bei zinazofuata saa, siku za kazi umeme ni ghali kuanzia 10:00 hadi 14:00 na tena 18:00 hadi 22:00, ni wa wastani katika saa zinazobaki kati ya 08:00 na usiku wa manane, na ni rahisi kuanzia usiku wa manane hadi 08:00. Wikiendi ni rahisi siku nzima. Kwa hiyo leo majengo yote yanatetemeka kwa mashine za kufulia. Angalia mkataba kwanza, maana ipo ya bei moja saa zote, na mwenye huo akiamka usiku kufua hapati nafuu yoyote.

Umeme ukikatika nyumbani, sisi tunachungulia dirisha la jirani kuona kama naye yuko gizani. Hapa chungulia jikoni kwako. Kila nyumba imekodi kiwango chake, na vyumba vingi vya wanafunzi viko kwenye nyumba za kilowati 3.45. Oveni ni kama kilowati 2, tangi la maji moto 1.5. Washa vyote viwili, ongeza birika, umejizimia mwenyewe. Zima kimoja, shusha swichi kuu kwenye kisanduku cha karibu na mlango, hesabu hadi kumi, ipandishe. Ikishuka tena papo hapo wakati kila kitu kimezimwa, hilo ni tatizo la waya, mwite mwenye nyumba.

Jikoni ndiko sufuria iliyosafirishwa kwenye begi kutoka nyumbani inakofia. Majiko mengi ni ya kioo, na hayo yako ya aina mbili. *Vitro* hupasha kwa joto la chini ya kioo, kwa hiyo hutaka sufuria ya kitako bapa. Yenye kitako cha mviringo hugusa kidogo katikati, na wali unaungua kitovu huku pembeni ni mchele. *Inducción* hutaka chuma kinachonasa sumaku, na sufuria ya alumini haipati joto kabisa. Chukua sumaku ya friji, ibandike kwenye kitako: isiponasa, usihangaike.

Ugali unawezekana, ila unga unadanganya. *Maicena* ni wanga mtupu wa mahindi, unatoa gundi inayong'aa. Unga wa arepa, mikate ya mahindi ya Amerika ya Kusini, ulishapikwa kiwandani, na ukiutia kwenye maji yanayochemka unashika mabonge kabla mwiko haujazunguka. Unaofaa ni *sémola de maíz*, chenga za mahindi, ile isiyoandikwa kwamba inaiva kwa dakika tano, ichanganywe nusu kwa nusu na *harina de maíz*, unga wa mahindi, ulio laini. Kwa watu wawili, nusu lita ya maji na gramu 250 hadi 300 za unga. Anza na uji mwepesi, uache utokote dakika tano, ndipo uongeze uliobaki kidogokidogo. Utakuwa wa njano. Wazee wa Tanzania wataukumbuka kama unga wa Yanga. Wakati wa kusonga, ondoa sufuria jikoni, iweke juu ya taulo iliyokunjwa sakafuni au mezani, kwa sababu kioo hakikutengenezwa kwa nguvu ya mwiko na kukibadilisha huliwa kwenye amana yako. Mboga ni *acelgas*, majani mapana yanayofanana na spinachi, au *espinacas*, spinachi yenyewe. Tui ni la kopo, mililita 400. Pakiti kubwa ya *bebida de coco* ni maji yenye harufu ya nazi, haitoi mchuzi.

Chuoni pia kuna saa ambayo haitangazwi kwa kengele. Aliyechelewa kufika kwa sababu ya viza amekwisha kukosa alama za mazoezi ya wiki za kwanza. Chuo Kikuu cha Granada kinaruhusu kuomba *evaluación única final*, mtihani mmoja wa mwisho unaobeba alama zote. Ombi hupelekwa ndani ya wiki mbili za mwanzo wa somo, au wiki mbili baada ya kujisajili kwa aliyesajiliwa baadaye, na lazima utoe sababu. Alama ni za 0 hadi 10: 5 umefaulu, 7 ni *notable* (vizuri), 9 ni *sobresaliente* (bora sana). Kwenye mitihani ya kuchagua jibu, soma kwanza maelekezo ya juu, maana mingi hukata alama kwa jibu la kubahatisha. Na matokeo yakibandikwa, chini yake huwa na tarehe na saa ya *revisión*, ambapo unakaa na mwalimu mkaupitia mtihani wako. Wengi wetu hatuendi kwa kuona ni utovu wa heshima kumhoji mwalimu. Hapa ni ratiba tu, na mwalimu mwenyewe anakaa akisubiri.

Leo jua linazama kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Nyumba za Granada zilijengwa kukimbia joto la Julai: sakafu ya vigae, kuta zisizo na kinga, na mji uko takriban mita 700 juu ya usawa wa bahari. Baridi ya ndani inaingia miguuni. Wenyeji wana meza ya duara iliyovikwa kitambaa kizito hadi sakafuni, na chini yake hita ndogo ya umeme, *brasero*. Unaingiza miguu, unafunika magoti kwa kitambaa, unasoma. Ni nafuu kuliko kupasha chumba kizima, lakini kitambaa kikigusa nondo zake kinaungua. Kabla ya kuiwasha mara ya kwanza, itoe kwenye mfuko ilimokaa tangu Machi, hakikisha haijachomekwa kwenye umeme, uipanguse vumbi katikati ya nondo kwa brashi kavu, halafu uiwashe dakika kumi dirisha likiwa wazi, bila kitambaa juu.