Rangi kubanduka kwenye nyumba ya mawe Mikindani: kilichosaidia

Nyumba ya zamani ya matumbawe, rangi inabanduka chini ya dirisha na unga mweupe wa chumvi unatoka ukutani. Tulipaka rangi ya mafuta, ikavimba. Tukapiga lipu mpya ya saruji, chumvi ikapanda juu zaidi.

Kilichofaa: kubandua saruji yote mpaka kwenye jiwe, kuacha ukuta ukauke, kisha lipu ya chokaa na mchanga usio wa baharini, tabaka nyembamba nyembamba, ikifunikwa magunia yaliyoloweshwa isikauke haraka. Juu yake chokaa, si rangi ya mafuta.

Lakini kabla ya lipu, ule unga toeni kwa brashi kavu! Ukiuosha, maji yanairudisha chumvi ndani ya jiwe. Saidia fundi wangu alishabeba ndoo ya maji, nikamzuia mlangoni. Mvua zimepita, ukuta mkavu, na mama mwenye nyumba amesharudisha kabati lake.